Nyumba mpya haijaonja hata mvua moja, na mjomba hataki ikaguliwe

Shangazi shikamoo. Mie msomaji wako wa siku nyingi, huwa nasoma ya wenzangu nacheka peke yangu usiku, sasa leo yamenifika na mimi. Naomba jina langu usilitaje maana mume wangu naye anakusoma, akijua nimekuandikia itakuwa kesi nyingine.

Tuko Newala. Mimi ni mwalimu shule ya msingi, mwenzangu ana mikorosho aliyoachiwa na wazazi wake na kabiashara kadogo ka vifaa vya shamba. Tuna watoto wawili na tumepanga nyumba mwaka wa kumi na moja sasa. Mkubwa mwakani anaanza kidato cha kwanza na mimi nimeomba uhamisho wa Mtwara mjini, kwa hiyo tukaona ndo muda wenyewe. Hela ya korosho ya misimu miwili hatukuila, nikachukua na mkopo benki ule unaokatwa kwenye mshahara, tukachanganya tukafika milioni 58. Shangazi hiyo ndo hela yetu yote duniani, hakuna nyingine nyuma yake.

Mjomba wake mume wangu, kaka wa mama mkwe tumbo moja, amejenga nyumba Mangamba, hukohuko Mtwara mjini. Ni nzuri nisiseme uongo. Vyumba vitatu, kimoja masta, sebule kubwa, jiko na stoo, taili nyumba nzima, dari za jipsam zenye zile taa zinabadilika rangi, bati la bluu lenye migongo mingi. Imekamilika Agosti hii. Alitaka 65 akashusha mpaka 58 kwa sababu ni damu yake. Tumeshampa advansi milioni 5, tumeandikishana kwenye karatasi mbele ya mama mkwe, na iliyobaki anataka tuimalize kabla Oktoba haijaisha, anasema kuna mtu wa Dar anaisubiri kesh mkononi. Hati tumeenda ofisi ya ardhi wametuangalizia, iko safi na ni jina lake.

Sasa siku tulipoenda na mume wangu na mjomba tulizungushwa mbiombio, hapa sebule hapa masta, taa zikawashwa, tukapigwa soda tukarudi. Wiki iliyofuata nilikuja Mtwara kwa mambo ya uhamisho nikapita peke yangu, kijana anayelinda akanifungulia. Nikaomba kunawa miguu bafuni. Maji yakakataa kwenda kwenye tundu, yakajikusanya kwenye kona ya mlangoni, nikawa nayasukuma na ndala. Nikasema haya labda ndo mtindo. Nikatoka nyuma, ule ukuta wa jikoni kwa nje, chini kabisa usawa wa goti, rangi imetoa vipele na kuna unga mweupe kama sembe. Nikagusa nikaonja (usinicheke), chumvi! Kijana akasema hilo vumbi la saruji tu dada, litaisha.

Nikamsimulia mwalimu mwenzangu akaniambia usilipe hata mia kabla hujapeleka mtu aikague. Nilipomwambia mume wangu alicheka kwanza kisha akakasirika. Ati nyumba mpya inakaguliwa nini, ukaguzi ni wa nyumba kuukuu, hata pikipiki ukiitoa dukani hupitishi gereji. Sijui ilimfikiaje mjomba, kesho yake kwenye grupu la familia WhatsApp kaandika "kama mkeo ananiona mimi tapeli aseme wazi". Watu wamekaa kimya, mama mkwe naye kimya, mume wangu haongei na mimi vizuri siku ya nne leo.

Shangazi nauliza, ni kweli nyumba mpya haina haja ya kukaguliwa na mimi ndo najifanya mjuaji? Na kama inakaguliwa wanaangalia nini hasa? Na nafanyaje na mjomba wa watu, maana huku kwetu mjomba unamjua alivyo.

Mama Wawili, Newala

---

Marahaba mwanangu. Kwanza kwa kuonja ule unga sikucheki, umefanya ukaguzi bila kujijua na umekagua vizuri kuliko wanaume wawili waliokunywa soda.

Ngoja nikwambie yangu. Mie nilinunua nyumba mpya Mitwero kule Lindi, mwaka 2016, mwezi wa nane kama hii yako, rangi inanukia, kufuli mpya. Nikahamia na mbwembwe. Mwezi wa kumi na moja, mvua bado, nyuma ya jiko pakaanza kuota mchicha. Mchicha mwanangu, wenyewe, hakuna aliyepanda, umenawiri majani kama sahani, jirani zangu wakawa wanakuja kuchuma na mie nawaambia karibuni ardhi yangu hii ina baraka. Baraka gani! Bomba la sinki la jikoni lilitoka ukutani likaenda chini ya ardhi kama hatua mbili likaishia hapohapo, halikuunganishwa na chemba, yale mashimo ya mfuniko yanayopitisha maji machafu, wala na chochote, fundi alifukia udongo akapiga simenti juu akaondoka zake. Miezi mitatu maji yangu ya vyombo yote yalikuwa yanaingia chini ya msingi. Nilikuja kujua siku harufu ilipoanza kupanda ndani ya makabati. Tulivunja sakafu ya nje, tukavunja na kipande cha jiko, na muuzaji simu hapokei.

Sasa ukuta wako unaotoa chumvi si ndo wa jikoni? Haya, tutaurudia.

Kuhusu ile hoja ya pikipiki. Mwambie baba watoto kwa upole kwamba pikipiki imetoka kiwandani, kabla haijafungwa kwenye boksi iliwashwa ikajaribiwa, na zimetengenezwa nyingine kama hiyo maelfu kwa hiyo kasoro zake zinajulikana. Nyumba ni moja tu ya namna yake. Kaja wa msingi kamaliza kaondoka, kaja wa kupanga tofali, wa bati, wa umeme, wa bomba, wa taili, wa rangi wa mwisho, na kila mmoja kazi yake ni kufunika ya mwenzake. Wa plasta kafunika tofali, wa taili kafunika bomba, wa rangi kafunika wote. Ukiingia wewe unaona kazi ya mtu wa mwisho tu na yeye ndo aliyelipwa ili pawe pazuri.

Na nyumba ya zamani usiidharau. Ile kama inavuja ishavuja, utaona doa kwenye dari, kama ukuta unapasuka ushapasuka, na jirani atakwambia hapo mwenzako alihama kwa ajili ya mafuriko. Nyumba mpya haina cha kukuonyesha. Hakuna aliyeoga humo, hakuna aliyepika, choo hakijatumiwa na watu watano kwa mpigo, na kubwa kuliko yote haijanyeshewa. Huku kwetu mvua ni msimu mmoja, unaanza Novemba mwishoni au Desemba mpaka Aprili au Mei. Nyumba imekamilika Agosti na hela inatakiwa Oktoba iishe. Sisemi mjomba kapiga hesabu hiyo, simjui, ila hata kama hajapiga matokeo ni yaleyale, utailipia nyumba yote ndipo mvua ya kwanza ikufanyie ukaguzi bure. Muulize na paa lilipigwa lini. Kama ni baada ya Mei 2024 basi hata kile kimbunga Hidaya kilichokata barabara kule Somanga hakijaigusa.

Mie si mhandisi, nakwambia niliyofundishwa na yule fundi sanifu aliyekuja kunirekebishia, ambaye ningemwita kabla ningeokoa hela nyingi. Wewe mtafute wa kwako. Asiwe ndugu wa fundi aliyejenga, asiwe anayependekezwa na mjomba. Mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi ni bora zaidi, ukikosa basi fundi sanifu wa majengo mwenye cheti na anayekubali kukuandikia ripoti kwa mkono wake na kuisaini. Wangu alinichaji laki mbili na nauli. Kwa milioni 58 hiyo si hela ya kuumiza kichwa. Aende mchana, akae masaa matatu au manne, na wewe uwepo, usitumiwe picha.

Ule unga mweupe. Chumvi haitembei yenyewe, inabebwa na maji, maji yakikauka juu ya ukuta yenyewe inabaki. Kwa hiyo swali si chumvi, swali ni maji yanatoka wapi kiangazi chote hiki na tone la mvua hakuna. Inaweza kuwa jambo dogo, nyumba iliyokamilika Agosti bado inakausha maji ya ujenzi, na kama ni hilo ukiupiga brashi kavu unga ukaisha haurudi, au unarudi kidogo tu ukakoma. Inaweza kuwa mchanga. Huku pwani kuna mafundi wanaleta mchanga wa ufukweni kwa sababu uko karibu na hauna gharama, hawauoshi, na hiyo ni mbaya kwa sababu chumvi ikiwa ndani ya zege inakula nondo, nondo ikishika kutu inavimba na inapasua zege kutokea ndani. Hiyo rangi haitibu. Ila mchanga ukiwa na chumvi unga ungeonekana sehemu nyingi, juu na chini, ndani na nje. Wako uko usawa wa goti, ukuta mmoja, na ni ukuta wa jikoni. Mie mawazo yangu yanakwenda kwenye ile nailoni inayotandikwa juu ya msingi kuzuia unyevu usipande, labda haikuwekwa, au yanakwenda kwenye bomba. Kama ni nailoni basi kuta nyingine nazo zitakuja kufanya hivyohivyo masika.

Kuna kipimo cha bure. Chukua mfuko wa plastiki mweupe, ukate upate kipande kama daftari, upanguse ule ukuta, ubandike pande zote nne kwa gundi ya karatasi usiachie hewa. Uache siku mbili. Ukikuta matone upande uliogusa ukuta, ukuta una maji ndani. Halafu muombe kijana akuonyeshe mita ya maji, funga mabomba yote ya nyumba, itazame dakika kumi. Ikizunguka huku hakuna anayetumia, bomba linavuja mahali.

Bafuni. Hilo la kona ya mlangoni si mtindo mwanangu, mteremko umekosewa. Na haurekebishwi kwa kuongeza simenti juu, taili zinang'olewa, sakafu inapigwa upya. Lakini ni kazi ya siku mbili tatu kwa fundi mzuri, haifanyi nyumba kuwa mbaya, ila ifanyike kabla ya hela yako kutoka na kwa hela ya muuzaji. Ukiwa hapo chukua ufunguo au sarafu, gonga taili moja moja, bafuni na sebuleni. Iliyoshika vizuri inalia kavu, iliyo na uwazi chini inalia kama mtungi mtupu. Mbili tatu si neno, zikiwa robo ya sebule ujue zilibandikwa kwa madoa ya simenti nne kwenye pembe, na ukiweka kabati zito juu yake zinapasuka.

Kisha fanya kitu ambacho ningefanya mie maisha yangu yangekuwa mengine. Nenda nje fungua mfuniko wa kila chemba. Mtu mmoja abaki ndani, aflashi choo cha masta, wewe unatazama, maji yanapita? Aflashi cha pili. Amwage ndoo kwenye sinki la jikoni, unatazama. Amwage bafuni. Kila maji yanayotoka ndani lazima uyaone yakipita nje na uyaone yakienda kwenye shimo. Chemba ikikaa kavu, hapo ndipo panapoota mchicha.

Paa. Umesema bati la bluu migongo mingi, sawa linapendeza, ila pale migongo inapokutana ndipo maji yanapojikusanya na ndipo panapovuja. Mwambie fundi apande kwenye dari kupitia kitundu, mchana, taa zizimwe. Akiona mwanga wa jua unapenya kwenye bati basi na maji yatapenya. Halafu mtu apande nje na mpira wa maji alimwagie paa hasa kwenye yale makutano, nusu saa bila kukatisha, na aliyeko darini amulike na tochi. Ndo mvua yenyewe hiyo, mnaileta wenyewe. Akiwa huko juu aangalie kenchi, yaani zile mbao zinazobeba bati. Mbao zilizotiwa dawa mara nyingi zina ukijanikijani, na zikiwa nyeupe pee aulize. Mangamba mashamba mengi yalikuwa ya mikorosho, watu wanakata mti wanaacha kisiki na mizizi chini wanajenga juu yake, na mchwa kisiki hicho ni ubwabwa. Atazame njia za udongo kwenye kuta za stoo, nyuma ya milango, kwenye fremu. Geji ya bati nayo aipime maana 32 ikishapakwa rangi ukiwa chini huwezi kuitofautisha na 28, na 28 ndo nene. Kwa upepo huu wetu wa chumvi bati jembamba likichubuka linaliwa upesi.

Nyufa zisikutishe zote. Kale kauzi kembamba kama unywele kwenye plasta ni kawaida, plasta ikikauka inafanya hivyo. Unaotia wasiwasi ni ule unaotoka kwenye kona ya dirisha unapanda kimshazari, au unaofuata tofali kama ngazi, au unaoingiza ukingo wa sarafu. Na ukikuta sehemu moja rangi imekolea kuliko kwingine, rangi mpya juu ya mpya, ujue kuna kitu kilizibwa juzi. Chukua msumari kwangua plasta mahali pa siri, ndani ya stoo chini, ikimwagika kama mchanga wa kuchezea watoto simenti iliwekwa kwa kuonjeshwa tu au ukuta haukumwagiliwa maji. Na huku maji yanavyosumbua kuna tofali zinapigwa leo, kesho zinaanikwa juani, kesho kutwa zinajengewa. Tofali inataka kumwagiliwa wiki nzima angalau. Tuna kiwanda kikubwa cha saruji hapahapa Msijute halafu nyumba zinaliwa na ubahili wa mfuko mmoja, inaniuma.

Umeme sitasema sana. Ifanyiwe na mkandarasi mwenye leseni ya EWURA, ile mamlaka ya nishati na maji, kila soketi ijaribiwe, na ile waya ya kwenda ardhini iwepo kweli isiwe imekatwa inchi mbili chini ya udongo. Waya za soketi zisiwe zilezile nyembamba za taa. Fundi akifungua soketi mbili tatu ataona.

Vibali vya ujenzi vya manispaa omba pia, na ramani yenye muhuri. Na mke wa mjomba asaini mkataba, kama wanakaa au walikaa humo au hapana, asaini tu, Sheria ya Ndoa ya 1971 inalinda nyumba ya ndoa isiuzwe bila mwenza kukubali na sitaki kesi ikukute mbele ya safari.

Sasa tuje kwa mjomba, maana naona hiki ndo kinakunyima usingizi kuliko ukuta.

Mwanangu umekosea kidogo. Si kwa kutaka ukaguzi, umekosea njia. Huku kwetu mjomba si mtu wa kusikia habari zake zimepitia kwa mke wa mpwa wake. Hata ungekuwa na haki asilimia mia lile neno "ikaguliwe" likimfikia kutoka kwako linageuka "mjomba mwizi". Lakini hebu tazama kitu kimoja. Mjomba hakujenga hiyo nyumba kwa mikono yake. Alikuwa anatuma hela, anapita Jumapili, anaonyeshwa kilichosimama anaondoka. Kama kuna fundi maiko aliyelipua kazi basi wa kwanza kuibiwa ni mjomba, na huenda hajui mpaka leo. Ukaguzi unamkagua fundi. Neno hilo lisemwe hivyohivyo, na lisisemwe na wewe.

Lisemwe na mama mkwe. Umesema yeye kimya, na mie kimya hicho sikioni kibaya, mama aliyetaka kukukemea angeshakukemea kwenye grupu mbele ya watu. Karatasi ya milioni 5 iliandikwa mbele yake, yaani yeye ni shahidi, nyumba ikidondoka ni mwanawe na kakaake wataacha kuzikana na yeye ndo atakaa katikati. Mwendee mwenyewe, usimpigie simu, nenda na kasukari kako, mkae jikoni, umweleze uliyoona bila kuongeza. Mwambie niliona maji hayaendi, niliona ukuta unatoa chumvi, mama mimi sina hela nyingine. Usiseme mjomba kafanya hivi. Yeye akimwita kakaake watazungumza kwa lugha yao wenyewe na hautakuwepo, na ni vizuri usiwepo.

Kuna watakaokushauri umpeleke fundi kwa uongo, useme anapima mapazia. Usifanye. Akipanda darini na tochi mapazia yatakuwa yapi?

Neno la kutumia ni viporo, yaani kazi zilizobaki au zenye kasoro. Tunataka fundi atuorodheshee viporo ili mjomba awabane mafundi wake wavimalize wakiwa bado wanamwogopa. Hata miradi ya serikali ndivyo inavyokwenda, mkandarasi halipwi yote, sehemu inashikiliwa mpaka kipindi cha uangalizi kipite, mara nyingi miezi 6 au 12, kikionekana kiporo anarudi. Hakuna mkandarasi anayesema ananiona tapeli. Na kuna kitu kimoja ambacho mume wako anaweza kumuomba kwa heshima zote na mjomba akafurahi: picha. Mafundi wakitaka hela nyingine wanatuma picha, msingi huu, nondo hizi, linta hii, shimo la choo hili. Ziko kwenye simu ya mjomba bado. Muombe awaonyeshe alivyoihangaikia hiyo nyumba toka inachimbwa. Atakaa na nyie jioni nzima anapekua, na fundi wenu akizitazama baadaye ataona nondo ngapi na nailoni kama ilitandikwa, vitu ambavyo leo huwezi kuviona bila kuvunja.

Hela. Usimalizie zote Oktoba. Pendekeza hivi: viporo vikiandikwa na vikimalizwa mnalipa sehemu kubwa mnahamia, mnabakisha milioni 4 au 5 mpaka mwisho wa Februari, masika ishakolea, nyumba ikinyeshewa ikakaa sawa anapewa yake yote siku hiyohiyo. Mkataba uandikwe na wakili, ile karatasi ya mama mkwe ni kishika uchumba tu. Mjomba akikubali hata nusu ya haya basi mmepata nyumba na mjomba mnaye. Akikataa fundi asiguse hata kizingiti, na mtu wa Dar anasubiri na kesh, mwambieni kwa heshima amuuzie yule wa Dar awarudishie milioni 5. Nina hisia huyo wa Dar naye akija na mtu wake ataambiwa yaleyale.

Baba watoto muache apoe. Ukifika naye Mangamba siku ya ukaguzi mpe kazi ya kuflashi choo, wewe kaa nje kwenye chemba ya jikoni. Ukiona maji hayatokei, niandikie siku hiyohiyo kabla hamjaenda benki.